Wagonjwa wa Uani kwa Bi Kijakazi

Praxeda alipata arobaini na nne. Matokeo yalibandikwa nje ya ofisi ya taaluma kwa namba za usajili, si kwa majina, ili mtu asiaibike, ingawa darasa zima lilizijua namba za wenzao kwa kichwa. Wanafunzi wakampisha mbele ya ubao kimya kimya, kama anavyopishwa mfiwa.

Somo lenyewe lilikuwa uuguzi wa magonjwa ya watu wazima, yale ambayo mwuguzi hukutana nayo kila siku wodini: presha, kisukari, pumu, moyo, figo, kidole tumbo. Masomo mengine yote alifaulu. Hili peke yake lilimrudisha, na baada ya wiki tano angefanya sapu, mtihani wa marudio, siku moja maandishi na siku ya pili vitendo. Akishindwa tena, anarudia mwaka.

Madam Consolata, mkufunzi wa somo hilo, alimwita ofisini akamwekea karatasi yake mezani.

"Kitabu umekikariri, hilo sina ubishi," alisema. "Dalili kumi na mbili za moyo ulioshindwa kazi umeziandika kwa mpangilio uleule wa kitabu, mpaka kosa la chapa umelinakili. Lakini kwenye vitendo nilikuwekea mgonjwa mbele yako. Unakumbuka ulimwuliza nini?"

Praxeda alikumbuka. Mgonjwa alikuwa mhudumu wa maabara aliyeombwa ajifanye anaumwa. Praxeda alimwuliza, "Una dalili zipi?" Yule bwana akajibu, "Kwani zipo zipi?" Praxeda akamsomea zote kumi na mbili, naye akazikubali moja baada ya nyingine kama anayeitika mahudhurio.

"Jifunze kumtazama mtu," Madam Consolata akamwambia. "Ukurasa hauugui."

Praxeda alikuwa amepanga chumba Pongwe, katika nyumba ya Bi Kijakazi. Yeye mwenyewe alitoka Maramba, kwa wazazi Wakatoliki wanaolima machungwa na kuongea kwa kupokezana. Bi Kijakazi alikuwa mjane wa miaka sitini na kitu aliyekaanga bagia asubuhi. Ikifika saa nne bagia zilikuwa zimekwisha, na kuanzia hapo hadi magharibi hakuwa na kazi nyingine ila mambo ya watu.

Siku tatu mfululizo baada ya matokeo, Praxeda alikaa uani alasiri akisoma kwa sauti. Siku ya nne Bi Kijakazi akaja akamfunika kitabu kwa ungo.

"Mwanangu, tangu juzi nasikia figo, figo, figo. Mimi sasa figo zaniuma. Ama usome kimoyomoyo, ama uniuguze."

"Nikuuguzeje, bibi, na wewe huumwi?"

"Nitaumwa. Nipe dakika mbili."

Akaingia ndani. Alipotoka alikuwa amefunga kanga kiunoni, amejishika ubavu wa kulia, uso umekunjamana kama gunia tupu. Akajitupa mkekani akaanza kugaagaa kutoka ukutani hadi mlangoni, akirudi ukutani tena, huku akimwita marehemu mama yake.

Praxeda alishtuka, kisha akacheka, kisha akakumbuka mtihani. Akapiga magoti. Maumivu yalianza lini? Jana. Yako wapi? Hapa, huku chini, kulia. Umetapika? Mara mbili. Praxeda akainuka kwa ushindi.

"Kidole tumbo. Tunakupeleka chumba cha upasuaji."

Bi Kijakazi akaketi, akajifuta vumbi.

"Umenipasua bure. Nilikuwa na mawe ya figo."

"Lakini umesema kulia chini!"

"Nimesema. Na umeniona ninavyogaagaa? Mwenye kidole tumbo hajigaragazi, analala kimya kama yai, hata kitanda hataki kiguswe. Marehemu mume wangu alikuwa na mawe, kazunguka chumba kizima mpaka mkeka ukachanika. Na hukuniuliza mkojo. Ungeniuliza ningekwambia una damu."

Praxeda akafungua kitabu kuhakikisha. Bibi alikuwa sahihi. Hakuwahi kusoma uuguzi, lakini kwa miaka arobaini hakukuwa na mgonjwa Pongwe ambaye hakwenda kumtazama, na alikuwa na macho.

Basi ikawa ndio ratiba. Kila alasiri, baada ya swala ya alasiri, Bi Kijakazi aliugua. Jumanne alikuwa na pumu ya jirani. Jumatano alikuwa na manjano ya shemeji yake wa Moa, akajipaka binzari machoni pembeni, ikamwingia, wakamaliza jioni yote kumwosha. Alhamisi alikuwa na vidonda vya tumbo, na alidanganya: kila Praxeda alipokaribia jibu, bibi aliongeza dalili mpya.

"Bibi, hilo la masikio kuwasha halimo."

"Wagonjwa wote wana jambo moja lisilomo. Ni kazi yako kulitupa."

Ijumaa akaja Mzee Mwinyijuma. Alikuwa kaka mkubwa wa Bi Kijakazi, miaka sabini na miwili, na alikaa nyumba ya tatu kutoka pale. Aliingia uani taratibu, akaketi kwanza kwenye kiti, akavuta pumzi, ndipo akapokea shikamoo ya Praxeda. Akatazama mchezo mpaka mwisho. Kisha akatikisa kichwa.

"Kija, huo ni uongo wa kitoto."

"Haya, wewe mjuzi."

"Mjuzi ndiyo. Umesahau nilikuwa nani?"

Hakuna aliyeruhusiwa kusahau. Ujanani Mwinyijuma alikuwa kwenye kikundi cha maigizo kilichozungushwa vijijini kuhimiza watu wachimbe vyoo. Wenzake waliigiza mwenyekiti, bwana afya, mama wa watoto saba. Yeye aliigiza Kipindupindu. Alijipaka majivu mwili mzima, akavaa gunia, akatokea nyuma ya watazamaji akinyata.

"Moa nilipigwa mawe," alimweleza Praxeda, jicho likiangaza. "Mawe ya kweli! Mama mmoja alinifukuza kwa mchi hadi pwani. Nani kakupiga mawe wewe, Kija?"

"Njoo kesho ujipake binzari tuone," Bi Kijakazi akasema.

Kesho yake alikuja, na ikadhihirika kwamba hakuwa akijisifu bure. Homa ya mapafu aliigiza hadi Praxeda akamshika paji la uso. Kifafa aliigiza kwa ustadi uliomkimbiza jogoo. Bi Kijakazi akajikuta amestaafishwa, akabaki kuwa ndugu wa mgonjwa, kazi aliyoipenda zaidi kwa sababu ndugu wa mgonjwa huruhusiwa kusema sana.

Jumatatu wakacheza kiharusi. Mzee Mwinyijuma alilala ubavu mmoja mkekani, mdomo umekwenda upande, mkono wa kushoto umelegea, anatoa sauti isiyokuwa neno. Praxeda alikuwa ndio anamwambia atabasamu, aone upande upi hauinuki, pale Nasra, jirani wa mlango wa pili, alipoingia kuazima chujio.

Nasra hakuuliza kitu. Alipiga ukelele uliosikika barabara kuu. Ndani ya dakika moja uani kulikuwa na wanawake sita na wanaume wanne, na mmoja wa wanaume hao alikuwa keshapiga simu kuuliza kama jeneza la msikitini lipo.

Mzee Mwinyijuma alingoja hadi watu wakatosha. Kisha akanyanyuka, mdomo ukarudi mahali pake, akaweka mkono kifuani akainamisha kichwa.

"Asanteni," akasema.

Nasra hakumsemesha kwa siku tatu. Aliyepiga simu ilimbidi apige tena.

Wiki hiyo Praxeda aligundua kwamba usiku hasomi tena orodha. Akifumba macho alimwona bibi akigaagaa, mzee akitweta, na ugonjwa ulikuja wenyewe na jina lake. Alianza hata kutembea kwa madaha kidogo. Ndipo Bi Kijakazi akatangaza mchezo wa Jumatano.

"Kesho moyo, kaka. Moyo uliochoka. Huo ndio uliomwangusha mwanangu kwenye mtihani. Umwigizie vizuri."

"Dalili zake?"

"Wewe kaa hivyo unavyokaa siku zote, basi."

Praxeda alidhani ni kejeli, na mzee pia.

Jumatano mzee alikuja akaketi. Hakulala mkekani, alisema mgonjwa wa moyo hapendi kulala. Alikuwa anahema kwa mdomo. Praxeda akaanza maswali, akiwa amejifunza sasa kuuliza moja na kungoja.

"Babu, ukilala usiku inakuwaje?"

"Siwezi kulala chali. Kama nazama."

"Unatumia mito mingapi?"

"Mitatu. Siku nyingine nakaa kitini mpaka adhana."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya mfungo."

Hapo Praxeda akasita. Mzee Mwinyijuma alikuwa mwigizaji wa aina ya zamani: kabla ya kila jibu alinyamaza kidogo, akatazama mbali, akameza mate, ndipo akasema. Leo alijibu kama mtu aliyeulizwa nyumba yake iko mtaa gani.

Akainama kutazama miguu. Mzee alikuwa amevaa ndala, naye tangu aje uani hakuwahi kuvaa kitu kingine. Kanda za ndala zilikuwa zimezama nyamani. Praxeda akabonyeza juu ya kifundo kwa kidole gumba, akahesabu hadi tano, akaachia.

Shimo likabaki.

Alilitazama. Mtu anaweza kuigiza kuhema. Anaweza kuigiza kikohozi, kizunguzungu, hata machozi. Hawezi kuuagiza mguu wake ubaki na shimo. Akabonyeza na mguu wa pili, na wenyewe ukabaki nalo. Alipoinua macho alimkuta Bi Kijakazi anamtazama yeye, si mgonjwa, na kwa mara ya kwanza tangu michezo ianze hakuwa akicheka.

"Eeh, mwuguzi?" Mzee akauliza. "Nina nini?"

"Moyo, babu," Praxeda akasema. "Umeigiza vizuri."

"Bila mazoezi!" mzee akajibu, akafurahi.

Alipoondoka, Praxeda alimfuata bibi jikoni.

"Ulijua."

Bi Kijakazi aliendelea kuchambua kunde. "Tangu kabla ya mfungo namwona. Kutoka kwake hadi hapa ni nyumba tatu, na anasimama mara mbili kujifanya anatazama kuku. Viatu vyake vya ngozi ati vimesinyaa. Nikimwambia hospitali ananiambia ni gesi. Tangu mkewe aingie kule kwa miguu yake na asitoke, hataki hata kupita nje ya geti."

"Kwa hiyo michezo yote hii..."

"La, ya kwanza nilichoshwa na figo zako. Lakini alipoanza kuja mwenyewe nikasema, Mungu kaniletea mwuguzi nyumbani." Akatupa kunde mbovu. "Ntakwambia kweli, mwanangu: nilifurahi ulipofeli. Kidogo tu."

Praxeda alitaka kukasirika lakini kichwa kilikuwa kimekwisha kwenda kwingine. Mwigizaji mwenye majivuno, asiyetaka hospitali. Wazo lililomjia lilimtisha kwa jinsi lilivyokuja limekamilika, kama lilikuwa likingoja nyuma ya mlango.

Alasiri iliyofuata alimkalia mzee mbele.

"Babu, chuo kinatafuta watu wa kuigiza wagonjwa siku ya mtihani wa vitendo. Nimekutaja. Ila kuna usaili."

"Usaili wa nini?"

"Unakwenda hospitali, daktari anakupima. Akikuona mzima, umekosa. Akiamini kweli unaumwa, umepita."

Mzee alinyamaza, akatazama mbali, akameza mate. "Washindani ni wengi?"

"Wengi. Mmoja anatoka Muheza."

"Muheza!" mzee akasema, kama aliyeambiwa anashindana na kuku.

Bi Kijakazi ilimbidi aingie ndani, akajiziba mdomo kwa kanga.

Praxeda alimpigia simu Daktari Godlisten, ambaye alikuwa kwenye chumba cha wagonjwa wa nje katika hospitali moja ya mjini, na ambaye alimfundisha kushika mashine ya presha alipokuwa kwenye mafunzo. Alimweleza yote.

"Mlete, nitampima," daktari akasema. "Lakini akiniuliza sitamdanganya. Huo usaili ni wako, si wangu."

Ijumaa asubuhi wakapanda bajaji. Mzee Mwinyijuma alivaa kanzu iliyopigwa pasi, koti jeusi na kofia ya viua, na chini ndala. Kwenye foleni alianza kazi mapema: aliguna, akajishika kifua, akamwegemea mama mmoja asiyemfahamu, hadi yule mama akapiga kelele huyu mzee apitishwe mbele. Mzee akamkonyeza Praxeda. Praxeda akatazama sakafu.

"Shikamoo mzee," Daktari Godlisten akasema. "Umekuja kuonekana?"

"Marahaba. Nimekuja kuonekana, ndiyo," akajibu mzee, akiwa na maana yake.

Daktari akampima presha. Akatazama namba, akapima tena mkono wa pili. Mia moja na tisini kwa mia moja na kumi. Akatazama mishipa ya shingo. Akamwomba avue koti, akamsikiliza mgongoni, chini, kulia, kushoto. Mzee alikuwa anahema kwa ufundi, na kila baada ya pumzi tatu aliongeza mguno mdogo.

"Mzee, huo mguno wa nini?"

"Nimeuweka mwenyewe."

"Uache kidogo. Na haya maji ninayoyasikia mapafuni, nayo umeyaweka mwenyewe?"

"Maji gani?"

"Ukivuta pumzi yanatatarika, kama chumvi kwenye kikaango."

Mzee Mwinyijuma alicheka, akamgeukia Praxeda amwone alivyomnasa daktari. Praxeda hakucheka. Alikuwa analia, kwa namna ya watu wa Maramba, bila sauti. Mzee akamtazama, akamtazama daktari, akatazama miguu yake mwenyewe juu ya ndala.

"Kwani hapana usaili," akasema.

"Hapana, babu."

"Na mtu wa Muheza?"

"Hayupo."

Nje mtu aliitwa namba yake.

"Moyo ndio kweli unaumwa," daktari akasema kwa upole. "Umepanuka, nadhani, kwa sababu ya presha ya muda mrefu. Unatibika ukikubali kulala hapa siku chache. Nikikudanganya kama alivyokudanganya huyu binti, sitakuwa na haki ya kukuchoma hata sindano moja. Nakuuliza wewe: unakubali?"

Mzee akavaa koti lake polepole, vifungo vyote.

"Nakubali," akasema. "Lakini huyu atoke nje."

Kilichomuuma, Bi Kijakazi alieleza baadaye, hakikuwa moyo. Ilikuwa ile nafasi. Alikuwa amekwisha waambia watu msikitini.

Mambo hayakuishia hapo. Daktari Godlisten, ambaye hakuwa mtu wa kuficha, alimsimulia Madam Consolata, na Jumatatu Praxeda aliitwa ofisini.

"Ulimtazama mtu kama nilivyokwambia," Madam akaanza. "Ukabonyeza mguu, ukaona. Hapo nakupa alama zote. Baada ya hapo ulifanya nini?"

"Nilimsaidia afike hospitali, madam."

"Ulimwiba ukampeleka hospitali. Mgonjwa anakubali kuguswa kwa sababu anaamini tunachomwambia. Ukimdanganya leo kwa wema, kesho ukimwambia ukweli atauchukua wapi? Je, ulijaribu kumwambia, 'Babu, mguu wako una shimo, naogopa'? Mara moja?"

Praxeda alifikiri. Hakujaribu. Wazo la hila lilikuja zuri mno kiasi kwamba hakulipa lile la kawaida nafasi ya kupita.

"Ungekuwa na leseni ningekuripoti mimi mwenyewe. Nenda kamwombe radhi. Usiende na soda."

Alikwenda jioni hiyo, mikono mitupu. Mzee Mwinyijuma alikuwa kitanda cha dirishani, amepungua uvimbe, uso umeonekana mfupa. Alipomwona aligeukia ukuta. Praxeda alisimama akasema aliyokuja kusema: kwamba alimdanganya, kwamba angeweza kumwambia ukweli na hakumwambia, kwamba asingerudia kwake wala kwa mtu mwingine. Mzee hakugeuka. Wodi nzima ilikuwa inasikiliza.

"Hicho kidonge cheupe," hatimaye mzee akauambia ukuta, "jana kimenipeleka chooni mara tisa. Maji yote hayo yalikuwa wapi?"

Praxeda akaeleza: moyo ukishindwa kusukuma, damu inarudi nyuma, maji yanachuja na kujaa miguuni na mapafuni, kidonge kinaziambia figo ziyatoe.

"Yakitoka mengi?"

"Utaishiwa nguvu, misuli itakaza. Ndiyo maana wanakupima damu na wanakupima uzito kila asubuhi."

"Na hicho kingine kidogo? Tangu nianze nakohoa kikohozi kikavu. Ni moyo au ni kidonge?"

"Sijui, babu."

"Nenda kasome uje."

Alisoma. Ilikuwa ni kidonge. Kesho yake alimwambia, akamwambia pia amwarifu daktari, na dawa ikabadilishwa. Mzee akatoa swali lingine. Chumvi ina kosa gani? Kwa nini wananipa kikombe cha kupimia maji ya kunywa? Mwenzangu kitanda cha pili ana kisukari na kidonda mguuni hakimuumi, mbona hakimuumi? Yule wa kona amevimba tumbo lakini miguu miembamba, huyo ana nini? Alimwuliza kwa ukali, bila kutabasamu, kama hakimu, na kila alichokosa alimrudisha kwenye kitabu. Akiondoka wagonjwa wengine walimwita nao wana maswali yao. Kwa siku tano wodi ile ilimfanyia Praxeda mtihani ambao hakuna chuo kingethubutu kuutunga.

Mzee aliporudi Pongwe alianza kumlipizia kisasi dada yake. Alikuwa na karatasi ya daktari: chumvi kidogo sana. Bi Kijakazi, ambaye hakuwahi kupika bila samaki wa chumvi, ng'onda au papa, alitakiwa apike mchuzi unaostahili kupewa malaika. Mzee alionja kila sufuria, akakunja uso, akasema, "Kija, unataka kuniua?" chakula kikiwa na chumvi, na "Kija, unataka kuniua?" kikiwa hakina.

Siku ya maandishi swali la moyo halikuwepo. Kulikuwa na majeraha ya moto, rovu la shingoni, na swali kubwa la ini. Praxeda alikaa mbele ya swali la ini akamkumbuka yule wa kona, tumbo lilivyomng'aa, alivyokuwa akijikuna hadi damu, na mkewe akimsugua mikono. Akaandika alichokiona. Akajaza kurasa nne, na mpangilio haukuwa wa kitabu.

Siku ya vitendo Madam Consolata alikaa kwenye kona na fomu yake. Mgonjwa wa kuigiza alikuwa Idarusi, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, mwenye jasho la kweli la woga. Alijishika tumbo kulia. Praxeda akamsalimia, akajitambulisha, akavuta kiti akaketi.

"Naomba nikuulize maswali, kisha ukiniruhusu nikushike tumbo. Sawa?"

"Sawa," Idarusi akasema, akajishika kushoto.

Praxeda akaona. Mwezi uliopita angemfuata kushoto na kulia kama anayefukuza nzi. Sasa alimwangalia usoni.

"Kaka yangu, usiwe na haraka. Fumba macho. Ulipoamka asubuhi, kitu cha kwanza kilichokuuma kilikuwa wapi?"

Idarusi akafumba macho, akatafakari, na mkono wake wenyewe ukaenda kitovuni, ukateremka polepole ukatulia chini kulia, ukakaa pale. Alilala kimya, magoti yamekunjwa. Praxeda akamwuliza mkojo. Akamwomba ruhusa, akaanza kushika mbali na maumivu, akamaliza penyewe. Kwenye kona kalamu ya Madam Consolata ilisikika ikiandika, ikasimama, ikaandika tena.

Matokeo yalitoka Alhamisi. Praxeda alifika uani anakimbia. Bi Kijakazi alipiga vigelegele kabla hajaambiwa kitu, kwa kuona tu uso wake, na Nasra akavipokea ng'ambo ya ukuta bila kujua vya nini. Mzee Mwinyijuma alikuwa kitini pake, amevaa viatu vyake vya ngozi. Hakuwa amemsamehe kwa maneno, wala Praxeda hakutazamia.

"Umepata ngapi?" akauliza.

"Sitini na tatu, babu!"

"Kati ya ngapi?"

"Mia."

Mzee akahesabu kwa vidole, bila haraka, akarudia kuhesabu.

"Hizo thelathini na saba zilizobaki," akasema, "ni magonjwa yapi? Nitajie moja moja. Nataka nijue nisiyaugue."